Mapigo Matatu

Kufunga vifungo vya shati la mtu mzima si kazi ngumu, lakini ina namna yake ya kutia simanzi, hasa mtu mwenyewe anapokodolea macho dari kana kwamba yanayofanyika kifuani pake hayamhusu. Mama wa Kamba alifunga cha kwanza, akafunga cha pili, akafika cha tatu. Nyuma ya pazia mama mkwe alikuwa anakohoa kikohozi chake cha kila asubuhi, na ilikuwa lazima shughuli hii iishe kabla kikohozi hakijaisha.

"Fanya haraka basi," mumewe alinong'ona.

"Nifanye haraka vipi na wewe unayumba? Simama wima."

"Nimesimama."

"Umesimama umelala."

Mikono ya mumewe ilining'inia ubavuni, mikubwa, yenye sugu, vidole vimepauka kuanzia ncha hadi katikati. Ganzi iliyokuwa ikimjia jioni na kuondoka akilala sasa ilikuwa imehamia kabisa na virago vyake. Jana alishindwa kufungua kifuniko cha dawa ya meno, akasema hana haja, meno yake ni safi. Leo, kabla hata jua halijachomoza vizuri, alikuwa ameshaangusha kikombe cha chai. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa anakwenda kupanda mti wa mita ishirini akiwa na msumeno wa mota.

Mtaani walimwita Juujuu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amekula kwa kukata miti iliyowashinda wengine: ile iliyoegemea mapaa, ile iliyokumbatia nyaya za umeme, ile ambayo huwezi kuiangusha kwa sababu kila upande kuna mali ya mtu, kwa hiyo unaipanda na kuishusha kipande kwa kipande kuanzia kileleni. Mkewe ndiye aliyekaa chini na kushika kamba ya usalama, mizunguko miwili kwenye shina na ncha mikononi, na huko ndiko alikopata jina lake. Mwanzoni watu waliwacheka sana. Mke kumfunga mume kamba! Wakamwuliza Juujuu kama hata kwa kinyozi huenda akiwa amefungwa. Kicheko kiliisha chenyewe walipoona miaka inapita na Juujuu haanguki.

Pazia likafunguka. Mama mkwe akaingia na kanga yake mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnanong'onezana kama wezi?"

"Tunahesabu miti," akajibu Juujuu, akitia mikono mifukoni.

"Imebaki mingapi?"

"Sita."

"Na siku?"

"Tatu, tukihesabu na leo."

Bibi kizee akaitazama ile mifuko ya suruali, kisha akamtazama mkwewe usoni. Kulikuwa na swali pale, lakini alilimeza. Alimuaga mwanawe kwa kumwambia Mungu amtangulie, akaenda zake jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

*

Miti yenyewe ilikuwa kumi na minne, imejipanga kando ya barabara, na nyaya zimepita katikati ya matawi. Watu wa umeme walikubali kuzima laini kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, mwisho Jumamosi. Mkataba ulikuwa wa kaka yake Mama wa Kamba, ambaye hata watoto wake mwenyewe walimwita Kontrakta, naye alilipa kwa mti. Mti uliokatwa nusu haukuhesabiwa.

Zamani Juujuu alikuwa na taratibu zake, na alizishika kama dini. Saa moja na nusu juu, nusu saa chini. Siku mbili za kupanda, ya tatu ya kunoa minyororo na kushona mikanda. Miti miwili mikubwa kwa siku moja hakati, hata umlipe dhahabu. Na juu ya zote, hii: mtu wa chini akigonga shina mara tatu kwa kisogo cha shoka, aliye juu anazima msumeno na kushuka. Sauti ya mtu haifui dafu mbele ya mota, lakini shoka likigonga shina, aliye juu husikia mapigo kwenye nyayo zake. "Ukigonga nashuka," alimfundisha mkewe mwaka wao wa kwanza. "Maswali tutaulizana tukiwa wote chini." Katika miaka yote hiyo Mama wa Kamba alikuwa amegonga mara mbili tu, moja kwa ajili ya nyuki, nyingine kwa ajili ya waya uliowashwa kabla ya saa.

Mkataba huu ulizila zile taratibu moja baada ya nyingine. Kwanza ilikwenda siku ya tatu, kwa sababu mvua ilikuwa imewapotezea siku mbili. Kisha ikaenda ile nusu saa. Wiki hii ya tatu Juujuu alikuwa anakunywa maji hukohuko juu, akivutiwa ndoo kwa kamba, kwa sababu kushuka na kupanda tena kulimmaliza kuliko kukata kwenyewe.

Mama wa Kamba aliyasoma haya yote mikononi mwake. Mtu akiwa mzima, kamba hucheza: anavuta, analegeza, anageuka. Zamani hata maneno yalikuja pamoja na kamba, maana Juujuu alikuwa na tabia ya kuyatukana matawi kabla ya kuyakata, akiyaita majina ya wenye nyumba waliowahi kumnyima maji ya kunawa. Siku hizi alikuwa kimya. Tawi likianguka, kamba ilikaa vilevile, nzito, dakika moja, mbili, tatu, nne, na yeye huko juu ameegemeza paji la uso kwenye shina.

Alhamisi hiyo, saa saba, ikiwa mti wa pili haujafika hata nusu, Kontrakta alifika na pikapu yake.

"Shemeji!" alipaza sauti akiwa hajafunga hata mlango. "Vipi, umeota mizizi huko?"

Vibarua wawili waliokuwa wakipakia matawi wakacheka. Mmoja wao, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, akadakia, "Bosi, tumwagilie maji?"

"Shemeji yangu chuma huyo," Kontrakta akasema. "Sisimizi ananipigia simu kila siku anaitaka kazi hii. Namwambia, nina chuma mimi, sihitaji mdudu."

Sisimizi alikuwa mpanda miti wa upande wa pili wa mji, mfupi, mwepesi, na jina lake likitajwa namna hiyo Juujuu aliyeko juu hulazimika kuwasha msumeno. Akauwasha.

Aliposhuka saa tisa, mti ukiwa umebaki kigogo na matawi mawili, alisimama mbele ya mkewe akajifanya anatazama barabara. Bizimu ya mkanda wa kiunoni ilikuwa imemshinda. Mama wa Kamba akaifungua haraka, kama mtu anayempangusa mwenzake vumbi. Redio aliona. Kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, Redio hakusema kitu, na ukimya wake ulimuuma Mama wa Kamba kuliko kicheko.

*

Alimwambia mumewe anapitia dukani, akaenda kwa kaka yake. Ofisi ya Kontrakta ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha, na ndani kulikuwa na meza, feni na kalenda ya mwaka juzi.

"Karibu, mdogo wangu. Kunywa soda."

"Sitaki soda, kaka. Nimekuja kwa habari ya shemeji yako."

"Kafanya nini? Kakupiga?"

"Amechoka."

Kontrakta akacheka. "Nani hajachoka? Mimi hapa nimechoka tangu nizaliwe."

"Mikono imekufa ganzi. Shati namfunga mimi, kaka. Kila asubuhi, namficha mama yake."

Kicheko kikakatika. Feni ilizunguka, ikageuka, ikarudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Ndilo. Maana watu wa umeme wakisikia nampandisha mgonjwa, mkataba unakwenda na maji, na mimi na wewe na yeye tunakwenda nao."

"Basi omba siku zaidi."

"Watu wale hawaombwi. Jumamosi ni Jumamosi."

"Umewahi kuomba?"

"Nakwambia hawaombwi!" Alishusha sauti. "Sikiliza. Nikimleta Sisimizi, hafanyi kazi nusu. Anataka yote au aache. Na nikimpa hii, ya mwezi ujao ni yake pia. Hilo ndilo unalolitaka? Watoto wako watakula nini, kamba?"

Mama wa Kamba aliitazama ile kalenda ya mwaka juzi.

"Halafu nikuulize. Yeye mwenyewe kasema amechoka?"

"Unamjua. Hawezi kusema."

"Ana mdomo. Aje hapa, akae kwenye kiti hicho, aseme, 'Shemeji, nimechoka,' yakaisha. Nitampa mwezi mzima apumzike. Lakini siwezi kumpumzisha mwanamume kwa maneno ya mke wake. Kesho atasema nimemnyang'anya riziki, na wewe utakuwa upande wake."

Na kilichomuudhi Mama wa Kamba njia nzima ya kurudi nyumbani ni kwamba hakuona uongo katika hayo maneno. Angekuwa upande wake. Alimlaani kaka yake, akailaani miti, akamlaani na mumewe kidogo, kisha akanunua sabuni ili ile safari ya dukani iwe ya kweli.

*

Simu ilikuwa imemtangulia. Alimkuta Juujuu amekaa ukingoni mwa kitanda, mlango umefungwa, viatu bado miguuni.

"Umetoka dukani?"

"Nimetoka kwa kaka."

"Najua. Amenipigia. Ananiuliza, 'Shemeji, niambie ukweli, unaweza au huwezi?' Mimi! Na nyuma yake namsikia Redio anaomba alipwe. Kesho mji mzima utakuwa unajua."

"Ukamjibuje?"

"Ulitaka nimjibuje?"

"Ungesema huwezi. Neno moja tu, baba."

"Mama watoto." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Umenivua nguo ukweni. Yule ni kaka yako. Siku namwambia nimeshindwa kumlisha dada yake, nitamtazama na macho gani?"

"Na siku wakiniletea maiti yako, mimi nitawatazama watoto na macho gani?"

"Siku mbili! Zimebaki siku mbili. Jumapili nitalala mpaka mnisahau."

Akainua mikono yake, akaitazama, akairudisha magotini.

"Niapie," akasema.

"Nikuapie nini?"

"Kwamba hutaligonga lile shina kwa ajili ya uchovu. Nyuki, gonga. Moto, gonga. Lakini usinigongee kwa kunionea huruma, mbele ya kaka yako na vibarua wake. Niapie."

Mama wa Kamba alimtazama mumewe, mtu aliyekuwa akijaa mlango alipoingia mwaka ule wa kwanza, amekaa pale amejikunyata kama anayesubiri kupigwa sindano. Akafikiri, siku mbili. Akafikiri, nikikataa hatalala, na asipolala kesho itakuwa mbaya zaidi. Hivyo ndivyo alivyojidanganya.

"Haki ya Mungu, sigongi," akasema.

Juujuu alimtazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akalala na viatu vyake, akageukia ukutani. Upande wa pili wa ukuta mama mkwe hakuwa anakohoa.

*

Ijumaa saa tano walikuwa kwenye mti wa kumi na moja, na Kontrakta hakutaka tena kuondoka. Aliegemea pikapu, simu sikioni, jicho moja kwenye saa.

Kuna dakika moja katika kazi hii ambayo Mama wa Kamba hakuwahi kuizoea. Kamba ya usalama hupita juu ya panda ya mti na kushuka kwa mtu wa chini. Matawi ya panda hiyo yakiisha, mpandaji hujifunga kwanza kwa mkanda wa kiunoni kwenye tawi imara, hufungua kamba mwilini, huirusha kwenye panda nyingine, na kujifunga upya. Katikati hapo anakuwa na mkanda tu.

Alimwona akijizungushia mkanda. Akaihisi kamba ikiwa nyepesi, kama inavyokuwa siku zote katika dakika ile. Juujuu akairusha kamba, akakosa. Akarusha tena, akakosa. Ya tatu ikamgonga usoni. Ya nne ikapita kwenye panda ya juu, naye akaegemeza kichwa kwenye shina na kukaa hivyo, na Mama wa Kamba akahesabu pumzi zake mwenyewe kwa kukosa jingine la kufanya. Kisha msumeno ukawaka.

Kamba ilikuwa bado nyepesi.

Aliivuta kidogo. Kamba yenye mtu mwishoni hukujibu, hata kama mtu mwenyewe amechoka kiasi gani. Hii ilikuja tu, mkono mzima, haina kinyongo. Akarudi nyuma hatua mbili, akakinga macho na jua. Ncha ya kamba ilikuwa inabembea hewani nyuma ya mgongo wa mumewe, haijafungwa popote. Alikuwa ameirusha na kusahau kujifunga. Akautafuta mkanda kwa macho, na alipouona roho ilimruka: Juujuu alikuwa ameuzungusha kwenye tawi lile lile alilokuwa anaanza kulikata, na upande wa nje. Tawi likienda, linaondoka naye.

"Zima!" alipiga ukelele. Unga wa mbao ulimwagika juu ya kofia yake. "Zima! Baba, zima!"

Haukuwa moto, wala hawakuwa nyuki. Ulikuwa uchovu mtupu, ule ule aliouapia. Mama wa Kamba aliiachia kamba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja mumewe akiwa juu, akalikimbilia shoka, akaligeuza, akagonga. Moja, mbili, tatu. Msumeno ukaendelea kunguruma. Akagonga tena kwa nguvu zake zote, hata magome yakaruka. Moja. Mbili. Tatu.

Msumeno ukazimika.

Juujuu aliinama akamtazama. "Nilikwambia nini?"

"Tazama mkanda wako!"

"Uliniapia! Jana tu, uliniapia!"

"Tazama mkanda, baba! Tazama umejifunga wapi!"

Kontrakta alikuwa ameshatoa simu sikioni. Vibarua walisimama na matawi mikononi. Juujuu alitazama. Alitazama mkanda, akatazama tawi na lile jeraha jeupe lililokuwa limeshazama ndani, akapeleka mkono nyuma kutafuta kamba ambayo haikuwepo. Baada ya hapo alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: aliuachia msumeno ukaning'inia kwenye kamba yake, akalikumbatia shina kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Shuka, shemeji!" Kontrakta aliita. "Pumzika, shuka!"

"Siwezi."

"Nini?"

"Siwezi kushuka." Hakupiga kelele, lakini barabara nzima ilikuwa imenyamaza. "Vidole havikunjiki. Siwezi kushika chochote."

Ngazi iliishia nusu ya mti. Redio alipanda mpaka mwisho wake, akatazama juu, akatazama chini, akashuka uso umempauka. Kontrakta alimpigia simu mtu wa pekee aliyekuwa wa kupigiwa. Sisimizi akasema anakuja, ila yuko mbali, apewe saa moja.

Saa moja ni ndefu. Watu walikusanyika, kwanza wawili, kisha kumi, kisha wengi. Wengine walinyanyua simu wakapiga picha. "Kumbe hata Juujuu juu humshinda," mmoja akasema, na wachache wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya, na hilo halikumsaidia yeyote. Mama wa Kamba hakuwageukia. Alikaa na mgongo wake kwenye shina lile lile, akamsemesha mumewe asije akasinzia.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Kiatu cha mkubwa kimeachia soli tena."

"Si nilikitia gundi?"

"Gundi yako imeshika kila kitu isipokuwa kiatu."

Kutoka juu: "Kipeleke kwa fundi."

"Nitakipeleka. Na bomba la uani linavuja."

"Hilo niachie mimi."

"Haya, nakuachia."

Aliyasema hayo huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na sauti yake haikutetereka hata kidogo, kwa sababu aliye juu alikuwa anaisikia sauti tu.

Sisimizi alifika kwa pikipiki, akavua viatu vya barabarani, akavaa vya kazi. Kabla ya kugusa mti akauliza, "Nani yuko chini?"

"Mimi," akasema Mama wa Kamba.

"Ndiwe uliyegonga?"

"Ndimi."

Akatikisa kichwa kukubali, akapanda. Alipofika hakusema neno. Alimfunga mwenzake kamba kifuani na mapajani, akaufungua ule mkanda, akatoa ishara, na Mama wa Kamba akaanza kumshusha mumewe, kidogo kidogo, mikono imelegea, miguu inagonga gonga shina, kama gunia la mkaa. Watu wakapiga makofi. Juujuu alipokanyaga ardhi akakaa chini katikati ya vumbi la kazi yake mwenyewe, akafunika uso kwa mikono isiyofumba.

Sisimizi alishuka baadaye. Alikwenda moja kwa moja kwa Kontrakta, akamwonyesha vidole vinne vilivyobanana.

"Tawi lilibaki hivi," akasema. "Na huyo umempandisha siku ngapi mfululizo?"

Kontrakta akamtolea Redio ukali kwa kuacha ngazi barabarani.

*

Zahanati walimpa dawa za kupaka na karatasi. Mganga alimbonyeza kila kidole na kumwuliza kama anahisi, naye akasema anahisi kwa vidole ambavyo havikuwa vimeguswa bado. Asishike mashine yoyote inayotetema, karatasi ilisema. Miezi sita. Baada ya hapo itaonekana.

Jumamosi asubuhi alikaa kwenye kiti sebuleni, fulana kifuani, mikono mapajani. Mama yake alimlisha uji kwa kijiko mbele ya kila mtu, hakuna aliyejificha tena, na alipomaliza akambusu kichwani kama mtoto wa miaka mitatu, akatoka.

"Ulikawia," Juujuu akasema.

Mama wa Kamba alikuwa anatafuta glavu zake. "Nilikawia? Msumeno ulikuwa umewaka dakika moja tu! Nisingeona mimi—"

"Sisemi ya jana."

Akageuka kumtazama.

"Tangu wiki ya kwanza," akasema. "Kila nikiwa juu nilikuwa nasikilizia kwenye nyayo. Nikisema mimi nimechoka, neno hilo linanibaki maisha. Ukigonga wewe, ni sheria. Mtu anashuka, haulizwi, hata kaka yako asingesema kitu. Kila tawi nilikuwa najiambia, sasa atagonga. Anaona, ana macho. Sasa atagonga."

"Na ukaniapisha nisigonge!"

"Nilikuapisha."

"Kwa Mungu!"

"Nilijua utakataa. Wewe hujawahi kunikubalia kitu kwa urahisi tangu nikuoe. Nikasema, nikimwambia asigonge, huyu atagoma, atapiga kelele, mama atasikia, itakuwa mwisho wa mambo yote. Halafu nikakuona unaapa."

Mama wa Kamba alikaa chini polepole. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na akashindwa vyote viwili, kwa sababu siku zote hizo, kila alipoihisi ile kamba nzito isiyosogea, yeye naye alikuwa amesimama pale chini akisubiri.

"Mimi nilikuwa nangoja useme," akamwambia.

Honi ililia nje. Mama mkwe akachungulia dirishani. "Gari la kaka yako. Amekuja kumwona mgonjwa?"

Hakuwa amekuja kumwona mgonjwa. Sisimizi alikuwa amefika kwenye mti wa kumi na moja tangu saa mbili na kukataa kupanda Redio akiwa kwenye kamba. Alimtaka yule mwanamke aliyegonga.

"Nenda," Juujuu akasema, macho ukutani. "Itakuwaje sasa? Nenda."

Akaenda.

Kontrakta alikuwa amemfungulia mlango wa mbele, heshima ambayo hakuwahi kumpa. Walipita kona ya kwanza na ya pili.

"Wametuongeza siku," akasema kaka. "Mpaka Jumanne."

"Nani?"

"Watu wa umeme. Niliwapigia jana. Nilipowaambia nina mtu amekwama juu ya mti, hawakubishana hata kidogo."

"Kumbe zilikuwepo."

Kontrakta alitazama barabara. "Mdogo wangu, mimi ningejuaje?"

Pembeni ya Mama wa Kamba, kwenye kiti, ulikuwa umelala ule mkanda wa kiunoni, bizimu inagongana na mlango kila walipopita shimo. Ulikuwa mali ya kaka tangu mwaka wa kwanza, pamoja na msumeno.

"Shemeji anasemaje?" Kontrakta akauliza. "Mwezi ujao tutakuwa naye? Nimwekee nafasi?"

"Hatapanda tena."

"Kasema hivyo?"

"Hajasema, wala hatasema. Nasema mimi."

Pikapu ikapunguza mwendo. Kaka yake alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakumwuliza kama mwenyewe ana mdomo.

"Basi mkanda nimpe Sisimizi?"

Mama wa Kamba aliuchukua ule mkanda akaupakata. Ngozi ilikuwa imekunjika mahali pamoja tu, kwenye tundu la kiuno cha mumewe, miaka kumi na moja tundu hilo hilo.

"Mpe," akasema. "Ila tafuta msumari utoboe tundu jingine. Yeye kiuno chake chembamba, huu utamtoka."